Meli ya Marekani imeacha kuhesabu siku, sasa inahesabu dola

Mwezi Juni 2025, kampuni ya meli za utalii ya Marekani iitwayo Carnival Cruise Line ilitangaza kwamba inabadilisha namna ya kuwashukuru wasafiri wake wa siku nyingi. Kwa miaka mingi ilikuwa inahesabu siku ambazo mtu amekaa melini. Utaratibu mpya, ambao tarehe yake ya kuanza iliwekwa kuwa 1 Juni 2026, unahesabu dola alizotoa mfukoni. Tangu tangazo hilo, wasafiri wa zamani wamekuwa wakilalamika kwa sauti, na wapo walioapa kwamba hawatapanda tena meli ya kampuni hiyo.

Msikilizaji aliye Minova, au familia iliyohama Masisi na ambayo bado haijui italala wapi mwezi ujao, itauliza: habari za likizo za Wamarekani zinatuhusu nini? Swali ni la haki. Hakuna muhami anayengoja meli ya Miami. Lakini ndani ya ugomvi huu kuna swali ambalo watu wa Kivu wanalijua kwa majina mengine: mtu aliyekuwa mwaminifu kwa muda mrefu, siku zake zinahesabiwa namna gani, na ni nani ana ruhusa ya kubadilisha hesabu wakati mchezo uko katikati?

Kwanza utaratibu wa zamani, maana bila huo hasira haieleweki. Uliitwa VIFP na ulianza mwaka 2012. Sheria yake hata mtoto angeielewa: siku moja melini, pointi moja. Aliyelipa chumba cha chini kisicho na dirisha alipata pointi ile ile ya aliyelipa chumba chenye baraza juu ya bahari. Safari ya kwanza ilikupa kadi ya rangi ya samawati, ya pili nyekundu. Ukifika pointi 25 unaingia dhahabu, 75 platini, na 200 almasi. Ukisha kupanda, hushuki. Hata ukikaa miaka mitano bila kusafiri, kadi yako inakungoja.

Na zawadi zenyewe hazikuwa za kutisha. Chupa ya maji, kinywaji, zawadi ndogo yenye jina la meli. Wa platini na almasi walipata kuingia melini kabla ya wengine na kufuliwa nguo bure. Mtu anaweza kucheka kwamba watu wazima wanagombana juu ya kufuliwa nguo. Asicheke haraka. Mteja wa miaka mingi anapenda kujulikana, na nguo zilizofuliwa ni alama tu ya kwamba anajulikana. Mama anayeuza maharagwe Virunga anaelewa jambo hili kuliko maprofesa wa biashara: anapomwongezea mteja wake wa kila juma matabishi ya kiganja kimoja, si kwamba kiganja kile kitamshibisha mtu. Anamwambia, nimekuona, najua ulikuja juma lililopita na lile la kabla yake.

Tupige hesabu ya almasi ya zamani. Siku 200, kwa mtu anayesafiri juma moja kila mwaka, ni safari 29, yaani miaka 29. Mwalimu au dereva aliyekuwa anaweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya juma lake moja la baharini alikuwa na uhakika kwamba kila mwaka anapanda ngazi, polepole, lakini hakuna wa kumtoa.

Sasa utaratibu mpya. Kila dola moja inayotumika kwa nauli na kwa manunuzi ya melini inaleta nyota 3. Dhahabu inahitaji nyota 10 000, platini 50 000, almasi 100 000. Gawanya kwa tatu: dhahabu ni kama dola 3 333, platini karibu dola 16 667, almasi zaidi kidogo ya dola 33 000. Na hesabu hiyo inafanywa ndani ya miaka 2. Usipofikia tena, unashuka. Aliye na kadi ya benki yenye jina la kampuni anaweza kuongeza nyota kwa manunuzi anayofanya hata akiwa nchi kavu. Yaani mtu anaweza kusogea mbele kwenye foleni ya meli kwa kununua sabuni na mafuta ya gari nyumbani kwake, wakati yule aliyelala melini siku 150 anarudishwa nyuma.

Kampuni haikuwaacha wazee wake bila kitu, hilo lisemwe. Tangazo la Juni 2025 lilisema wa almasi wa wakati huo watashika daraja lao hadi mwaka 2032, na wa platini watapewa miaka 2 ya kwanza. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kitu ulichopewa moja kwa moja na kitu ulichoazimwa kwa muda, hata kama kwa leo mkononi ni kile kile. Mwenye nyumba na mpangaji wote wanalala ndani. Mmoja tu ndiye anayelala bila kuhesabu miezi.

Sababu za kampuni zina ukweli ndani yake. Ya kwanza ni foleni. Watu wanaosafiri wameongezeka, ngazi haikuwa na mlango wa kushuka, kwa hiyo kila mwaka wakubwa wanazidi kuwa wengi. Ikifika siku ambapo mstari wa kuingia kwanza ni mrefu kuliko mstari wa kawaida, heshima imekwisha kazi. Ya pili: kuna msafiri anayekuja mara mbili tu lakini analipa chumba kikubwa, anakula kwenye mikahawa ya kulipia, anachukua kila matembezi ya pwani. Faida ya meli inatoka kwake. Chini ya sheria ya siku, huyo hakuonekana kabisa. Mfanyabiashara yeyote, awe Miami au Birere, angetaka kumfurahisha.

Na kampuni si ya kwanza. Ndege zilitangulia. Mwaka 1981 American Airlines ilianzisha mpango wake wa kuhesabu maili, umbali ambao mtu amesafiri. Polepole kampuni za ndege za Marekani zikahama kutoka maili kwenda dola. Mwezi Septemba 2023, Delta ilitangaza kwamba daraja la abiria litategemea matumizi peke yake. Kelele zikawa nyingi mpaka mkuu wake, Ed Bastian, akakiri kwamba walikuwa wamekwenda mbali mno, na mwezi Oktoba wakapunguza viwango. Lakini msomaji aangalie vizuri kilichopunguzwa. Kiasi cha dola kilishushwa. Hesabu ya dola yenyewe ilibaki. Kelele zilipata punguzo la bei, hazikurudisha maili.

Wakati huo huo mpinzani mkubwa wa Carnival, Royal Caribbean, ameendelea kuhesabu usiku: usiku mmoja, pointi moja, na anayechukua chumba cha kifahari anapata mbili. Huko pia tajiri anapendelewa, ila aliyelala chumba cha chini hafutwi. Kwa hiyo haikuwa lazima. Kulikuwa na njia ya kumwongezea mwenye fedha bila kumnyang'anya mwenye subira.

Hapa ndipo lawama inapostahili kuwekwa. Kampuni ina haki ya kuandika sheria mpya kwa siku zinazokuja. Anayepanda mwaka 2027 anajua masharti kabla ya kulipa, akikataa atakwenda kwingine. Shida ni siku zilizokwisha kulalwa. Mtu aliyechagua meli hii badala ya nyingine mwaka 2014, na 2016, na 2019, alichagua akiwa ameambiwa kwamba siku zake zitabaki. Hiyo ilikuwa sehemu ya bei. Alilipa nauli kwa dola, na juu ya nauli akalipa kwa kukataa meli za wengine. Huwezi kupokea malipo hayo ya pili kwa miaka, halafu useme hayakuwa malipo.

Tena kuna mwaka 2020. Mwezi Machi meli zote zilisimama kwa sababu ya korona. Carnival Cruise Line haikusafirisha tena abiria kutoka Marekani mpaka Julai 2021, meli ya Carnival Vista ilipotoka bandari ya Galveston. Katika miezi hiyo kundi zima la Carnival liliingia madeni yaliyopita dola bilioni 30. Kampuni iliwaambia waliokuwa wamelipa: chukueni fedha zenu, au tuachieni, tutawapa safari ya mbele na nyongeza. Waliokubali kuacha fedha kwa kampuni ambayo meli zake zilikuwa zimetia nanga bila abiria huenda wengi wao hawakuwa wageni wa mara ya kwanza. Huenda walikuwa watu wa kadi. Mgeni hakopeshi mtu asiyemjua. Deni hilo la miaka mibaya haliandikwi kwenye hesabu ya nyota, kwa sababu nyota zinauliza tu: ndani ya miaka hii 2, umeleta shilingi ngapi?

Katika likelemba ya akina mama wa Kivu, mambo haya yasingepita. Kila mmoja anaweka kiasi kile kile kila zamu, na zamu zimepangwa. Mwezi wa saba akitokea mtu mwenye fedha nyingi akasema, mimi naweka mara tano, nipeni zamu ya kesho, ataambiwa akae chini angoje. Si kwamba wanachukia fedha zake. Wanajua tu kwamba siku wakibadilisha mpangilio katikati, aliyekwisha kuweka miezi sita ataondoka, na akiondoka yeye kikundi kimekufa. Kikundi kinasimama juu ya aliyeweka mapema, wakati bado hajaona kitu.

Familia zilizohama nazo zina elimu yao juu ya jambo hili, na ni elimu chungu. Mtu anaandikwa, anapewa jetoni, anaitunza ndani ya kitambaa pamoja na karata ya uchaguzi. Kisha inakuja habari kwamba listi itaandikwa upya, jetoni ya zamani haina maana. Aliyekuwa shambani siku ya kuandika, au hospitali na mtoto, anaanza tena kama aliyefika jana. Mara nyingine kuna sababu nzuri: majina yamerudiwa, watu wamehama. Lakini aliyevumilia miaka mitatu chini ya hema la plastiki anasikia ujumbe mwingine kabisa, kwamba miaka mitatu ile haikuandikwa popote. Tofauti kati yake na Mmarekani wa platini ni kubwa kama ziwa. Mmoja anapoteza kufuliwa nguo, mwingine anapoteza unga. Mkono unaofuta, lakini, unafanana.

(Na ya simu je? Kila mtu Goma amewahi kupewa yuniti za bonasi kwa uaminifu wake, na kila mtu amewahi kuzikuta zimekwisha saa sita ya usiku, kabla hajamaliza kusalimia. Hizo hata hazikungoja miaka 2.)

Sasa ziwa lenyewe. Hakuna mahali katika jimbo ambapo abiria ni waaminifu kama Ziwa Kivu. Mama anayetoa ndizi Idjwi, au mihogo na mafuta ya mawese kutoka upande wa Kalehe na Minova, anapanda boti kila juma, mwaka baada ya mwaka. Tangu mwanzo wa 2024, vita vilipofunga barabara ya Goma na Minova kupitia Sake, hata wasiopenda maji waliingia ziwani, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Ukichukua sheria ya zamani ya Carnival, wengi wa akina mama hao wangekuwa almasi zamani. Hakuna aliyewapa hata chupa ya maji.

Lakini kiganja cha matabishi si jambo la kwanza wanalodaiwa. La kwanza ni jina. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, karibu sana na kufika, watu waliokuwa wanangoja ndugu zao wakitazama kutoka ufukoni. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ndani kulikuwa na watu 278 na kwamba 78 walikufa. Wenye mamlaka wa upande wa Goma walitaja hesabu ndogo zaidi. Majimbo mawili, boti moja, hesabu mbili. Familia zilizunguka kati ya hospitali na chumba cha maiti zikitafuta, na hapakuwa na karatasi moja ya kuaminika ya kusema nani alipanda na nani alibaki Minova.

Kundi la Carnival pia limewahi kuzamisha. Usiku wa 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia, ya kampuni ya Kiitalia iliyo ndani ya kundi hilo, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Nahodha wake alihukumiwa miaka 16 ya kifungo. Meli ilikuwa na watu zaidi ya 4 200, na waliokufa ni 32. Kila mmoja alikuwa na jina kwenye listi, na kazi ya kutafuta iliendelea miezi na miaka kwa sababu ilijulikana ni nani hajapatikana. Maiti ya mwisho ilitolewa ndani ya mabaki mwaka 2014. Watu waliweza kutafutwa zaidi ya miaka miwili kwa sababu walikuwa wameandikwa.

Hilo ndilo jambo zuri katika biashara ya kadi na pointi, hata kama lilibuniwa kwa tamaa ya fedha: ili kumhesabia mtu, lazima kwanza umwandike. Kampuni inayojua kwamba fulani amelala melini siku 143 haiwezi kusema haijui kama alikuwa ndani. Kwenye boti kubwa na kanoti za Goma na Bukavu, abiria anaandikwa anaponunua tikiti. Kwenye boti nyingi za mbao zinazopita vijiji vya ufuko, nauli inatolewa mkononi, mtu anaruka ndani, na idadi inajulikana kwa macho. Mwenye boti atasema karani ni gharama. Daftari na kalamu ni gharama ndogo kuliko nauli ya abiria mmoja wa Minova.

Na chama cha wenye boti kikitaka kwenda mbele zaidi, kadi ya karatasi inatosha. Jina, namba ya simu ya ndugu mmoja, na muhuri kila safari. Safari ya kumi na moja, mzigo mmoja haulipiwi. Mama wa Idjwi atachagua boti inayopiga muhuri, na ataitunza kadi vizuri kuliko anavyotunza simu. Mwenye boti atapata wateja wasiohama, na siku ya shida kutakuwa na listi bandarini inayojulikana na watu wote. Masharti mawili tu yaandikwe nyuma ya kadi kwa wino usiofutika. Kwamba kadi haimpi mtu ruhusa ya kupanda boti iliyokwisha jaa, hata akiwa na mihuri mia. Na kwamba muhuri uliokwisha kupigwa haufutwi, hata mwenye boti akibadilika.

Wakati wa kuanza si mgumu kupata. Siku ya soko Kituku wenye boti, makarani wa bandari na akina mama wenye mizigo wote wako mahali pamoja tangu asubuhi, wakigombana juu ya bei ya nauli. Wanaweza kuongeza hili juu ya ugomvi.